Meli ya mvuke iliyolala tangu 1991: kuichangia ni kutupa hela?

"Shikamoo injinia. Mimi ni mtu wa Kigoma, sa hivi naishi Buffalo, New York, nafanya kazi ya ghala. Miaka kadhaa nyuma nilipofika huku nilipelekwa kutembea kule kwenye maghala marefu ya nafaka pembeni ya mto, nikaona meli kubwa ya zamani imechakaa vibaya, rangi imebanduka, imefungwa tu pale. Kuna mama mtu mzima tunafanya naye kazi, kwao Detroit, akanambia inaitwa Columbia, utotoni walikuwa wanaipanda kwenda kwenye bembea na dansi, na yeye huwa anachangia ili itengenezwe. Sasa ananiomba na mimi nichange, na nikajitolee kazi za mikono. Mwenzangu ninayeishi naye anasema nisitupe hela, meli iliyokaa miaka thelathini ni skrepa, na eti pacha wake iliungua. Mi najiuliza pia mbona wasing'oe hiyo injini ya mvuke wakaweka dizeli kama walivyofanya kwa meli yetu ya Liemba? Na kama ni hazina ya taifa lao, serikali si ndo itengeneze?"

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi mtu wa Kigoma kuniuliza hili maana nusu ya jibu mnalo kwenu pale gatini. Nikikusoma vizuri hofu yako siyo meli, hofu yako ni kuonekana mjinga, uchange hela ya ghala, hela ya kubeba maboksi usiku, halafu baada ya miaka miwili usikie meli imekatwakatwa. Hiyo hofu ni halali kabisa, na meli za aina hii zilizoishia kukatwa ni nyingi kuliko zilizopona. Ila sababu anayoitoa mwenzako siyo yenyewe.

Kwanza uijue ni nini. Columbia iliundwa 1902 pale Wyandotte, Michigan, kwa michoro ya Frank E. Kirby ambaye kwa meli za abiria za Maziwa Makuu ya kule hakuwa na mpinzani. Ina urefu wa mita 63 hivi na ilikuwa inabeba watu zaidi ya 2,500 kwa safari moja. Pacha wake Ste. Claire ni ya 1910, ilitoka Toledo, Ohio, mchoraji huyohuyo. Zote mbili zilikuwa na kazi moja tu, kuwatoa watu wa Detroit na kuwapeleka kisiwa cha Boblo upande wa Kanada, karibu na Amherstburg, kama kilomita 29 kushuka na mto. Na bustani ya kisiwani, bembea, jukwaa la dansi, vyote viliwekwa na kampuni ya vivuko yenyewe tangu 1898, yaani walikuwa na meli wakatafuta sababu ya mtu kukata tiketi. Ndo maana hakuna vyumba vya kulala mle, ni sitaha kubwa wazi, viti, na ukumbi wa dansi katikati ya meli, maana safari yenyewe ilikuwa nusu ya starehe.

Na kabla sijaingia kwenye vyuma, jambo hili mama huyo pengine hajakwambia. Juni 1945 binti mmoja mweusi, Sarah Elizabeth Ray, alipanda hiyohiyo Columbia na wenzake waliomaliza naye mafunzo ya ukatibu, yeye peke yake mweusi, wakamshusha kwa rangi yake tu. Hakunyamaza. Kampuni ikatiwa hatiani chini ya sheria ya Michigan, faini yenyewe dola 25, wakagoma kulipa wakakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani wakidai meli inaenda Kanada kwa hiyo sheria ya jimbo haiwahusu. Mwaka 1948 majaji saba kwa wawili wakawaambia hapana, kisiwa hicho kibiashara ni kama sehemu ya Detroit. Kwa hiyo hilo dude uliloliona sio bembea za watoto tu.

Haya, kutu. Mtu akiona rangi imebanduka na mistari ya kahawia imeshuka ubavuni anasema imekwisha. Mdogo wangu, kutu unayoiona kwa macho mara nyingi ni ya juu juu, inapendeza kupiga picha basi. Kutu ni chuma kikikutana na maji na hewa, umeme kidogo unapita kati ya sehemu moja ya bamba na nyingine, na chumvi ndo inayoufanya umeme huo upite kirahisi. Maji ya Detroit na Buffalo hayana chumvi, ni kama ya Tanganyika. Meli iliyokaa miaka hiyo yote Mombasa au Dar ingekuwa hadithi nyingine. Bamba lililo chini ya maji baridi yasiyo na chumvi linaweza kukaa miaka mia likabaki na unene wa kutosha. Linapolika sana ni pale kwenye mstari wa maji, panapolowa na kukauka, na ndani kwenye ngama, chini kabisa ya tumbo la meli, ambako maji machafu yametuama na hakuna anayepiga pampu. Hapo ndo fundi anaanzia kuangalia.

Na hapa namuita shahidi wa kwenu. Liemba, enzi hizo Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar halafu reli hadi Kigoma, ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakaipaka injini grisi nene kila mahali. Ikalala chini ya ziwa, Wabelgiji wakaiinua ikazama tena, mpaka Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa chini ya maji! Sasa mwenzako anaposema chombo kilichoelea tu kimefungwa gatini ni skrepa kwa sababu ya miaka, mpe hiyo ya Liemba atafune.

Kinachoimaliza meli ya hivi hata siyo maji ya chini, ni mvua. Watu hawalielewi hili. Tumbo la Columbia ni la chuma limefungwa kwa ribiti, ila sehemu za juu ni mbao nyingi, sitaha za mbao zimefunikwa turubai lililopakwa rangi. Meli ikiwa kazini kila masika mtu anapita anaziba, anakalafati, anapaka rangi. Ikisimama, turubai linapasuka sehemu moja ndogo, maji yanaingia, ubao unalowa, barafu ya Januari inaganda mle ndani inapanua ule ufa, msimu unaofuata maji yanashuka sitaha ya pili, kisha ya tatu, mpaka yanafika kwenye ukumbi wa dansi na kutuama juu ya mihimili ya chuma kwa upande wa ndani. Yaani meli inaoza kutoka juu kwenda chini. Afu hiyo barafu hiyohiyo ndo inapasua mabomba na vali ambazo mtu alisahau kuzitoa maji. Mi nishawahi kuitwa kukagua boti moja ya zamani (siitaji), wenye nayo wamekusanya hela wamenunua taa nzuri za shaba na rangi ya ubavuni, paa linavuja kama chujio. Nikawaambia uzeni taa mnunue turubai. Hawakupenda na sikuitwa tena.

Injini. Ni ya mvuke ya upanuzi wa hatua tatu, na ukiiona usiogope ukubwa wake, ni mashine rahisi kuliko injini ya gari lako. Mvuke unatoka kwenye boila na nguvu nyingi unaingia silinda ndogo unasukuma pistoni, ukitoka bado una nguvu unaingia silinda ya kati, halafu ile kubwa kabisa inakamua kilichobaki, na mwisho unapozwa urudi kuwa maji ya boila. Inazunguka polepole, kila kitu kiko nje, unakipapasa, unakipaka oili kwa mkono, beringi ikichoka unaifungua pale pale. Injini ya hivi ikitunzwa na grisi na ikawa inazungushwa kidogo kwa mkono mara kwa mara haifi. Boila ndo mzee mgonjwa. Boila inabeba mvuke wenye presha, bamba lake likiliwa hakuna kuremba, na hakuna mkaguzi atakayekubali uwashe boila iliyosimama tangu 1991 bila kuipima yote, na mara nyingi jibu linakuwa tengeneza mpya. Waverley ya Scotland, ambayo chama cha wapenda meli waliuziwa kwa pauni 1 mwaka 1974, inasafiri mpaka leo na injini yake ya zamani ikizunguka abiria wanaitazama, lakini boila walibadilisha 2000 na tena 2020. Pauni moja ya kununulia, sasa fikiria bili ya boila mbili.

Kwa hiyo dizeli? Swali zuri na wala sio la kijinga, Liemba ilibadilishwa miaka ya 1970 na bila hivyo isingeendelea kubeba dagaa na watu. Tofauti ni kazi. Liemba ni meli ya riziki, mama wa Kasanga hakuuliza inasukumwa na nini, aliuliza inafika lini. Columbia hakuna anayeihitaji ili afike popote, kuna barabara na madaraja kila mahali, mtu atakata tiketi kwa sababu ni ya mvuke na ni ya 1902. Ukiitoa injini umetoa kile anacholipia, na wafadhili wa mambo ya kihistoria wanakukimbia vilevile. Afu kuna jambo la uzito. Injini na boila zile ni tani nyingi zilizokaa chini kabisa, ukizitoa na kuweka dizeli ndogo nyepesi huku juu umebakiza sitaha zote zile, meli inapanda juu na inakuwa na kichwa kizito. Sisi wa enzi za MV Bukoba hatuhitaji kuelezwa maana yake. Wamarekani wao wana Eastland, meli ya matembezi vilevile, Julai 1915 imejaa wafanyakazi na familia zao wakienda pikiniki ikalala ubavu ikiwa bado imefungwa gatini Chicago, watu 844 wakafa, na wiki chache nyuma walikuwa wameiongezea mashua za uokoaji juu. Kwa hiyo mtu akisema weka hiki toa kile, jibu ni kwanza pima mlalo wa meli, hesabu, ndo uguse.

Kuhusu kuungua, ni kweli, ila ni pacha, Ste. Claire. Tarehe 6 Julai 2018, Detroit, watu wako kwenye matengenezo, wanachomelea, cheche ikashika mbao. Vitu vya mbao vikateketea vyote, vikabaki tumbo la chuma, nguzo na injini. Inauma kwa sababu haikuuawa na uzee, iliungulia mikononi mwa fundi anayejaribu kuiokoa. Mbao za miaka mia zilizokauka ni kama kibiriti, kazi ya kuchomelea kwenye meli hizi inataka mtu wa kukaa na bomba la maji pembeni tangu cheche ya kwanza mpaka masaa baada ya kazi kuisha, na huyo mtu asiwe na kazi nyingine. Hili likumbuke nikifika kwenye kujitolea.

Hazina ya taifa sasa. Zote mbili zilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1992. Watu wanadhani ukishapewa hiyo serikali inakuja na mafundi. Hapana. Ni heshima, inakufungulia mlango wa kuomba ruzuku, na inazuia hela ya serikali kuu kutumika kukiharibu kitu bila kufikiriwa, lakini mwenye mali binafsi hazuiwi kuuza chuma chake. Na usichanganye na ile habari ya Delta Queen, meli nyingine ya mvuke ya hukohuko, kusimamishwa na sheria ya moto, ile sheria ya 1966 inahusu meli zenye abiria hamsini na zaidi wanaolala usiku. Columbia ni ya kwenda na kurudi mchana, haiingii hapo, ila bado lazima ipate cheti cha walinzi wa pwani, na wao wataangalia moto, milango, mlalo, boila, kila kitu.

Ulikopatikana uokoaji wa kweli na serikali ikiwemo ni Louisville, Kentucky. Belle of Louisville ni ya 1914, kaunti ikainunua mnadani 1962 kwa dola 34,000, ikaipa mto, ratiba na abiria, na mpaka leo inapiga filimbi. Upande wa pili hapohapo Buffalo kwenu kulikuwa na Canadiana, 1910, Kirby tena, ilikuwa inapeleka watu bustani ya Crystal Beach ng'ambo ya Kanada mpaka 1956. Baada ya hapo ikahama mkono huu na ule, 1982 ikazama gatini Cleveland, ikainuliwa, watu wakachanga kwa mapenzi kabisa, mwisho ikakatwa Port Colborne 2004, injini ndo ikaokolewa. Waliochanga hawakuwa wajinga, ila meli haikuwa na pa kwenda. Boblo nayo ni hivyo, safari zikaisha Septemba 1991, bustani ikafungwa 1993, na tangu siku hiyo meli mbili zilibaki na jina na historia ila hazina gati la kushushia watu.

Ndo maana mi nikiulizwa na mtu kama nichange, siulizi kwanza bamba lina unene gani, nauliza ikipona itaenda wapi na nani atakata tiketi. Wa Columbia walikuwa na jibu, wazo lilikuwa ipelekwe mto Hudson, ibebe watu wa New York kupanda miji ya juu kama meli za matembezi za huko zilivyofanya zamani. Ni wazo zuri kweli. Septemba 2014 ikavutwa na tagi kutoka Detroit hadi Toledo, ikapanda chelezo, pale meli inapotolewa majini itengenezwe, wakashughulikia mabamba ya tumbo, 2015 ikaja Buffalo. Sasa kutoka Buffalo kufika Hudson haipiti mfereji wa Erie, ni mwembamba na madaraja yake ni ya chini, ni lazima izunguke Welland, ziwa Ontario, mto St. Lawrence, itoke baharini ishuke mpaka New York. Chombo kilichozoea maji ya ziwa kinavutwa Atlantiki. Na Hudson pale chini mjini una chumvi, maji ya bahari yanapanda na kushuka, kwa hiyo ile raha ya kutu ya polepole niliyokusimulia inaishia hapo, itahitaji rangi nyingine na chelezo mara kwa mara. Inawezekana, ila sio safari ya kufungasha wiki moja.

Wengine watakwambia basi ifungwe gatini iwe mgahawa, haihitaji boila. Usikubali haraka kuwa hiyo ni rahisi. Meli ya mgahawa bado inaelea, bado inaoza, bado siku moja itataka chelezo, na sasa haina injini ya kuipeleka huko. Admiral ya St. Louis ilikuwa meli ya matembezi, ikaishia kuwa kasino isiyosogea, biashara ilipokwisha wakaikata 2011.

Kwa hiyo hela yako. Kabla hujachanga hata dola kumi, nenda mwenyewe au muombe mama akupeleke mkutano wao, uwaulize mambo haya ana kwa ana: meli ni mali ya nani kwa karatasi, imepimwa unene wa mabamba lini mara ya mwisho kwa kifaa cha mawimbi ya sauti na ripoti iko wapi, paa limefunikwa au bado, bima ipo, na hela ya mwaka jana ilienda kwenye nini. Kama ni shirika lisilo la faida lina wajibu wa kutoa fomu 990, yaani taarifa ya mapato na matumizi yake, kila mwaka, unaisoma bure mtandaoni kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, na jimbo la New York lina ofisi ya mwanasheria mkuu inayosimamia mashirika ya misaada, unaweza kuwauliza. Wakikujibu vizuri, changia kiasi ambacho ukisikia imekatwa hutalala na njaa. Na kama wanaruhusu uchague, sema yako iende kwenye turubai na pampu. Wakikwepa maswali usigombane na mama wa watu, mwambie tu mfuko haujakaa sawa.

Kujitolea ndo ningekutia moyo zaidi, ila kwa masharti. Usiingie meli ya hivi na ndugu zako kienyeji siku ya Jumapili eti tukaangalie, ni mali ya watu na sitaha ikioza haikupi taarifa, unakanyaga unashuka. Mabomba ya mvuke ya zamani yalifungwa asbesto, nyuzi zinazoharibu mapafu, na rangi za zamani zina madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo usikwangue wala kubandua chochote mpaka mtu mwenye leseni apime na aseme ni safi. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapo. Kwenye matangi na ngama usiingie kabisa bila mtu aliyepima hewa, kutu inakula oksijeni, mtu anazimia hata hakohoi. Na kuchomelea kuache kwa wenye cheti, umeona ya Ste. Claire. Kama umewahi kwangua rangi, ukiwa umelala nyumbani ukaanza kukohoa au pumzi inabana, nenda hospitali umwambie daktari ulishika nini na wapi, usiseme ni mafua tu.

Kazi ya mtu wa kawaida ipo nyingi na ina faida: kuzoa maji, kukaza kamba kabla ya barafu, kupiga picha kila sitaha kila mwezi ili ijulikane wapi panavuja, kukaa zamu ya moto. Wewe mtu wa ziwa, kamba unazijua, watakupenda.

Ukienda nifanyie hisani moja. Simama nje, gatini tu, piga picha ya ubavu pale mstari wa maji kwenye omo na kwenye tezi, na uangalie kama imelalia upande. Nitumie niangalie, afu umsalimie huyo mama, umuulize alikuwa anacheza dansi sitaha ya ngapi.